Nilimwitikia Bibi Harusi

Ilikuwa zamu yangu kwenda kwa fundi cherehani. Naliweka hili mwanzo kabisa ili usije ukanihurumia kabla ya wakati. Gauni la mchezo wa kuigiza lilikuwa tayari, fundi alikuwa ametuma ujumbe tangu mchana, na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi iliandikwa wazi: Alhamisi, gauni, Kasuku. Kasuku ni mimi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, viatu vyangu vilikuwa havijakauka, na mkononi nilikuwa na karata nzuri ambazo sikutaka kuziacha.

"Wewe kaa," rafiki yangu akaniambia. "Nitakwenda mwenyewe. Si mimi ninayelivaa? Acha nikalijaribu huko huko."

Wenzetu wakacheka. Akavaa koti, akainama kufunga kamba za viatu, na alipokuwa bado ameinama akaninong'oneza.

"Nikichelewa, niitikie."

"Utachelewa kwa nini?"

"Nimesema nikichelewa."

Akanikonyeza. Nikamwelewa. Upande wa pili wa mji kulikuwa na chuo cha wauguzi, na huko kulikuwa na binti mmoja ambaye barua zake alizisoma akiwa amejifunika blanketi. Ilikuwa kama saa kumi jioni. Kupitia dirishani nilimwona akizunguka jiko, akaruka dimbwi la kwanza, akaruka la pili, akaingia njia ya mkato ya kwenye tanuri la matofali.

Sikumwona tena akiwa hai.

Chuo chetu kilikuwa kidogo. Wanafunzi sitini na wanne, wanaume watupu, tukisomea upimaji wa ardhi na ujenzi, na wote tulilala katika bweni moja refu kama ghala. Wanaume sitini na wanne wakiwekwa mahali pamoja miaka mitatu, lazima watafute la kufanya. Tulikuwa na kwaya. Tulikuwa na mdahalo kila Jumatano, ambao mara nyingi uliishia kwa watu kununiana mpaka Ijumaa. Tulikuwa na timu mbili za mpira zilizochukiana kupita maelezo. Lakini fahari yetu hasa ilikuwa maigizo. Kila mwisho wa mwaka tulionyesha mchezo mkubwa, wauguzi walialikwa, na wiki mbili kabla ya siku hiyo hata wavivu walioga mara mbili kwa siku.

Sasa, mchezo bila mwanamke haunogi, na mwanamke hatukuwa naye. Rafiki yangu ndiye aliyekubali kuvaa gauni tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa na kiuno chembamba na hatua za taratibu, ingawa ndevu zilimpa taabu, akinyoa asubuhi, jioni zimerudi. Mwaka ule wa kwanza ukumbi ulimzomea alipotokea. Dakika kumi baadaye, aliposimama mlangoni akimngoja bwana harusi ambaye hakuja, walewale waliozomea walikuwa wanafuta machozi kwa mikono ya mashati. Tangu hapo akawa Bibi Harusi. Hata walimu walilisahau jina lake halisi.

Mimi kipaji changu kilikuwa kingine. Niliweza kuiga sauti ya mtu yeyote niliyemsikia kwa siku mbili.

Hapo ndipo penye kisa. Kila jioni saa moja, kabla ya muda wa kujisomea, Mlezi wa bweni alisimama mlangoni na daftari lake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mzee mpole mwenye macho mabovu, na daftari alilisogeza mpaka karibu liguse pua. Hakuita majina. Aliita namba za vitanda. Moja. Nipo. Mbili. Nipo. Alitia alama bila kuinua kichwa, mpaka sitini na nne. Na ikitokea namba haikuitika, sheria ilikuwa moja tu: kengele inapigwa, chuo kizima kinatoka na tochi kumtafuta mtu mpaka apatikane. Iliwahi kutokea. Kijana mmoja mgeni alipotea, tukamsaka kila mahali, tukamkuta amelala usingizi wa pono nyuma ya makabati ya maktaba. Tulimtania mwezi mzima.

Ilikuwa sheria nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu. Kila aliyetaka kutoka jioni alipitia kwangu, na mimi niliwaitikia hata watu watano kwa jioni moja, kila mtu na sauti yake, huku nimeshika mswaki. Ujira wangu ulikuwa kufuliwa soksi na kupigiwa shati pasi. Tulisema ni kukingiana kifua. Tulisema ni undugu.

Jioni ile Mlezi akaanza kama kawaida. Kitanda cha rafiki yangu kilikuwa namba kumi na saba, changu kumi na nane, ubavuni mwake.

"Kumi na saba."

"Nipo," nikaitika.

Niliitoa sawasawa ile sauti yake ya kivivu, inayopanda kidogo mwishoni, utadhani anauliza. Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mlezi akatia alama, akaendelea.

Alikuwa hai wakati ule. Alikuwa shimoni, amevunjika mguu, na alikuwa hai.

Siku ya pili hakutokea darasani. Walioniuliza niliwaambia ana homa. Waliojua siri niliwakonyeza. Moyoni nilikuwa nimekasirika, maana mazoezi ya mchezo yalikuwa yamebaki machache na yeye anakula raha na mchumba. Jioni ikafika. "Kumi na saba." Nikaitika tena, na safari hii nikaongeza madoido, nikaifanya sauti yake iwe ya mtu mwenye usingizi na mapenzi. Watu wakavunjika mbavu. Usiku ule kwaya ilifanya mazoezi humo humo bwenini, ngoma mbili na makofi, mpaka kengele ya kuzima taa.

Baadaye nilikuja kupima, maana ndiyo kazi yangu. Kutoka ukingo wa shimo hadi dirisha letu ni mita mia sita na arobaini. Kama hakuna upepo, mtu mwenye kifua kizuri akipiga kelele kwa umbali huo anasikika. Ilimradi huku upande wa pili watu hawapigi ngoma.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Alasiri hasira zilinishinda, nikaenda mjini kulifuata gauni mwenyewe. Fundi cherehani, mama mmoja mcheshi, alisimamisha mashine akanitazama.

"Mwenzako si alilichukua juzi? Alilijaribu hapa hapa, akatembea mlangoni kama bibi harusi kweli, nikacheka mpaka nikashindwa kushona." Akavua miwani. "Kwani hajafika?"

Nikamwambia amefika. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani mdomo wangu ulikuwa umeshazoea.

Nikaenda chuo cha wauguzi, nikangoja getini karibu saa nzima. Yule binti alitoka akiwa amevaa sare, mikono ikinukia sabuni. Aliponisikia akakunja uso.

"Mara ya mwisho kumwona ni mwezi uliopita," alisema. "Aliniambia nisimwone mpaka siku ya mchezo. Eti nimshangae."

Nilirudi mbio. Nilipita barabara kubwa, kwenda na kurudi. Njia ya mkato ilikuwa na tope, na viatu vyangu ndiyo kwanza vimekauka.

Niliingia bwenini natweta, Mlezi keshafika kumi na mbili. Nilikaa kitandani kwangu. Jasho lilikuwa linanitoka. Nilikuwa nimeamua. Akiita kumi na saba nitanyamaza, na nikishanyamaza nitasimama niseme yote, na waniadhibu watakavyo.

"Kumi na tano."

"Nipo."

"Kumi na sita."

"Nipo."

Nikabana meno.

"Kumi na saba."

"Nipo."

Haikuwa mimi.

Ilitoka kushotoni kwangu, kitandani kwake, karibu kiasi kwamba nilihisi pumzi. Sauti ile ile. Ya kivivu, inapanda mwishoni. Na pamoja nayo ikaja harufu... harufu ya udongo mbichi, ule wa kufyatulia matofali, wa baridi, uliolala ndani ya maji.

Nikageuka polepole.

Hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limetandikwa vilevile alivyoliacha Alhamisi. Lakini katikati ya kitanda godoro lilikuwa limebonyea, kama linavyobonyea mtu akikaa. Nilitazama. Likaanza kuinuka... taratibu... mpaka likawa sawa.

"Kumi na nane," Mlezi aliita.

Macho yangu yalikuwa bado kwenye lile godoro.

"Kumi na nane," akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akainua kichwa.

"Mwalimu," nikasema. "Kumi na saba hayupo."

"Ameitika. Nimemsikia."

"Hayupo, mwalimu. Hayupo tangu juzi. Nilikuwa mimi."

Wengine wakacheka, wakadhani ni kionjo kipya. Mlezi hakucheka. Alipita katikati ya vitanda mpaka alipofika, akaweka kiganja juu ya lile blanketi. Akakiondoa haraka, akakifuta kwenye suruali. Kwenye kitambaa pakabaki alama ya udongo.

"Kapigeni kengele," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

Tulimpata kabla ya saa nne. Nyuma ya lile tanuri lililoachwa kulikuwa na shimo walikochimba udongo, kina chake mita nne, kingo zimeliwa na mvua. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kwenye ukuta wa shimo alikuwa amechimba vishikio kwa vidole, kimoja, viwili, mpaka sita, cha sita ni mkwaruzo tu. Na juu ya kijukwaa cha udongo ambacho maji hayakukifikia, alikuwa ameliweka gauni. Lilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, limekunjwa vizuri, jeupe, kavu. Hakutaka lichafuke.

Daktari alisema amekufa Jumamosi ile ile, kama saa tisa alasiri. Alisema pia koo lake lilikuwa limevimba na kuchanika ndani. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakatika.

Saa tisa alasiri alikufa. Saa moja jioni aliitika.

Mazishi yalikuwa kwao, mbali. Mlezi alikwenda na wanafunzi watano. Mimi nilisema naumwa. Mchezo ulifutwa, karatasi za ukumbini zikabanduliwa, na lile gauni sijui nani alilichukua. Kuhusu yale maitikio yangu hakuna aliyemwambia mama wa rafiki yangu. Watu sitini na tatu tulijua, na Mlezi wetu, na wote tukafunga vinywa. Nadhani kila mtu alikuwa anakumbuka jioni zake mwenyewe, zile nilizomwitikia yeye.

Jumatatu baada ya mazishi Mlezi alisimama mlangoni na daftari. Alikuwa amechora mstari juu ya kumi na saba.

"Kumi na sita."

"Nipo."

Akavuta pumzi aiite ya kwangu.

"Nipo."

Kalamu ilimdondoka. Hakuna aliyeiokota.

Ikawa hivyo kila jioni. Baada ya kumi na sita inakuja ile nafasi ndogo ya kimya, na ndani ya ile nafasi... "Nipo." Pamoja na ile harufu. Jirani yake wa kumi na sita alihama akalala na mwenzake upande wa pili. Watu wakaanza kulala wawili wawili, wanaume wazima wenye ndevu, na hakuna aliyemtania mwenzake.

Alhamisi kiranja wetu alinifuata bafuni.

"Kasuku, acha."

"Si mimi."

"Nani mwingine anaijua ile sauti?"

"Nakuapia si mimi."

"Kama si wewe, hutajali tukikufunga mdomo."

Walinifunga taulo usiku ule, vijana wanne, wakakaza fundo kisogoni. Walinishika mabega kwa upole, kama mgonjwa. Mlezi akaita. Kumi na sita ikaitika. Ile nafasi ikaja.

Kimya.

Mlezi akangoja. Kimya. Hata harufu haikuja. Watu sitini na wawili wakageuka wakanitazama, na sitasahau yale macho. Hakuna aliyenigusa. Walinifungua taulo, wakaenda kukaa mbali.

Kesho yake, bila taulo, sauti ilirudi.

Nilianza kujiogopa. Wakati wa kuitwa niliweka vidole midomoni nione kama inatikisika. Siku nyingine nilihisi haitikisiki. Siku nyingine sikuwa na hakika, maana vidole vyenyewe vilikuwa vinatetemeka. Sikula vizuri, nikawa nashinda kwenye mlango wa nyuma wa jiko kwa sababu palikuwa na moto na Mpishi hakuwa mtu wa maneno.

Siku moja akanisemesha, akiwa anasugua sufuria, bila kunitazama.

"Ulimwitikia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Akiwa bado mzima?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nafasi yake uliigawa," alinong'ona. "Kuna vitu vinazunguka, kijana. Vinatafuta pa kukaa. Wewe ulisema mtu yupo, na pale pakawa patupu. Kilichosikia kikaja."

"Kilichosikia ni nini?"

"Mimi ni mpishi tu," akasema, akaingia ndani.

Wiki ya pili ikiwa inaisha, mama wa rafiki yangu akaja kuchukua sanduku la mwanawe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwalimu wa watoto wadogo, na vidole vyake vilikuwa na chaki kwenye kucha. Mlezi alimkaribisha chai ofisini. Niliitwa kubeba sanduku, na nilipoingia aliniangalia kwa namna ya mtu anayekujua.

"Wewe ndiye Kasuku," alisema. "Hakuna barua aliyoniandikia ukakosa kuwemo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Mlezi. "Kitu kimoja tu sijakielewa, mwalimu. Mna kengele. Aliniandikia habari za hiyo kengele, na yule mtoto wa maktaba, nilicheka sana. Kwa mwanangu mbona haikupigwa siku ya kwanza?"

Mlezi alitazama kikombe chake. Mimi nilitazama sanduku. Nje kengele ya saa moja ikalia, mimi na Mlezi tukashtuka.

"Ndiyo mnakwenda kuitwa?" mama akauliza. "Naomba nikae nisikie. Mimi nawaita watoto wangu kila asubuhi. Nataka nijue na yeye alikuwa akiitwa vipi."

"Mama, leo tumechelewa kidogo," Mlezi alianza.

"Nitakaa kimya."

Alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye kitanda cha mwanawe. Sijui alikijuaje. Bweni zima lilisimama kwa heshima, na hofu ilikuwa imewaganda usoni. Mlezi aliita kwa sauti ndogo sana, akivuta kila namba, kama mtu anayetaka usiku uishe kabla hajafika.

"Kumi na sita."

"Nipo."

Nafasi ikaja. Nikaweka vidole midomoni. Nikaomba, kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikaomba kweli.

"Nipo."

Pale pale pembeni yake. Harufu ya udongo ikajaa. Godoro likabonyea karibu na paja lake, akayumba kidogo upande ule, kama vile mtu mwingine amekaa kando yake.

Hakupiga kelele. Aligeuza kichwa taratibu, akaitazama ile nafasi tupu, akaitazama muda mrefu. Mwanzoni uso wake ulikuwa umefunguka, una njaa. Kisha nikauona unajifunga.

"Huyu si mwanangu," akasema.

Akasogea kidogo kutoka pale palipobonyea.

"Mwanangu hasemi hivyo. Hivi ndivyo mtu anavyosema akimwigiza."

Akanitazama mimi.

Nilipiga magoti sakafuni mbele yake, mbele ya chuo kizima, na yote yakatoka. Zamu yangu. Karata. Jioni ya kwanza, jioni ya pili, madoido niliyoongeza ili watu wacheke. Ngoma. Nilimwambia kengele haikupigwa kwa sababu yangu mimi. Nililia na sikujifuta. Natamani angenipiga.

"Siku ya pili," aliuliza, "alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mama."

"Na siku ya tatu?"

"Mpaka saa tisa."

Alipitisha kiganja juu ya blanketi, akalinyoosha kama linahitaji kunyooshwa. Kando yake godoro lilikuwa bado limebonyea.

"Aliyesema yupo ni wewe," akasema hatimaye. "Basi sema ukweli, na uuseme kwa sauti yako. Mwalimu, mwite."

Mlezi alifungua daftari.

"Kumi na saba."

"Hayupo," nikasema.

Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. Ilikuwa nyembamba na ya kawaida. Chuma cha kitanda kikalia mara moja, godoro likainuka, na harufu ikaondoka kama mtu amefungua dirisha. Haikurudi tena siku zote zilizobaki kabla ya kuhitimu.

Ndipo mama alipolia. Siku zote zile, za msiba na za kaburi, nasikia hakulia. Alilia sasa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia hayupo.

Baadaye nilimbebea sanduku mpaka langoni. Gari la kumrudisha lilikuwa njiani. Giza lilikuwa limeingia, taa ya lango ilizungukwa na wadudu, na huko ndani wenzangu walikuwa wameketi kujisomea, kimya kuliko siku yoyote.

"Nakuchukia," akasema. "Nataka ujue."

"Najua, mama."

"Nitaendelea kukuchukia. Labda mpaka nife."

"Sawa, mama."

Tukangoja gari. Alikuwa amelikalia sanduku, mtandio umemzunguka mabegani. Aliponisemesha tena alikuwa ananong'ona, na alikuwa anaona aibu.

"Wewe hapa ndiye uliyemsikiliza kuliko wote. Mimi nimeanza kuisahau. Wiki mbili tu, na sauti ya mtoto wangu nimeanza kuisahau. Jana nimeamka naitafuta, haipo." Akaukaza mtandio. "Niigizie. Usiseme ile ya namba, siitaki. Aniite tu. Aseme mama."

"Mama, siwezi."

"Mara moja."

Ningemkataliaje? Akajifunika uso wote kwa mtandio ili asinione. Nililamba midomo. Niliitafuta sauti pale nilipokuwa naiweka siku zote, ile ya kivivu, ya kupanda mwishoni. Sikuikuta. Nikavuta pumzi nijaribu hivyo hivyo.

"Mama."

Ilikuwa ya kukwaruza. Imechanika. Haikupanda popote. Sauti ya namna hiyo sikuwahi kuisikia kwa rafiki yangu miaka yote mitatu.

"Mama... niliita sana."

Nyuma ya mtandio nikamwona anatikisa kichwa, anakubali, anakubali, mara nyingi.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo."

Sikuwa nimefumbua mdomo.

Alinishika mkono, akaukaza kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Asante, mwanangu," alisema. "Sasa nimemsikia." Gari lilipofika nilipakia sanduku, nikafunga mlango, na hakuna nilichomwambia. Ningemwambia nini? Kwamba kilichosema hakikuwa mimi? Angeuliza basi mwanawe yuko wapi, na kama bado anaita.

Imepita miaka kumi na tisa. Nina mke, nina watoto, na wakiniomba niige sauti ya mtu nawaambia sijui. Kila mwaka tarehe ile yule mama hunipigia simu. Hajasema amenisamehe, na sijamuuliza. Huuliza hali ya watoto, kisha hunishukuru kwa jioni ile ya langoni, kila mara kwa maneno yale yale. Huwa nasikiliza mpaka mwisho. Shukrani hizo si zangu, na sijui pa kumpelekea mwenyewe.